Mteremko wa Nyuma ya Jiko

3 Novemba, Jumapili

Nilifika Iyunga jana jioni. Sikuandika kwa sababu goti la kulia lilikataa kukunjwa baada ya safari. Leo limekubali kidogo.

Nimekuja kwa ajili ya Anjela, binti yangu wa mwisho, ambaye ana mimba ya miezi mitano. Ni mimba yake ya kwanza, na daktari amemkataza kubeba maji na kupanda mlima na mzigo. Mumewe, Jailos, ni dereva wa lori na kila wiki yuko njiani. Nitakaa mpaka mtoto azaliwe na atimize siku arobaini, kisha nitarudi nyumbani kwangu Kihesa, Iringa, kwa ajili ya Pasaka.

Nimekuja pia na kazi yangu. Chama chetu cha walimu wastaafu wa Kihesa kina desturi: kila mwanachama hupewa neno moja la kawaida, hulifuatilia msimu mzima, na baada ya Pasaka husimama mbele ya wenzake kueleza maana zake na namna watu wanavyolitumia. Katibu wetu, Mwalimu Frida, alinipa "mteremko".

"Unakwenda kuishi juu yake," alisema. "Kwa hiyo usituletee yale ya kwenye kamusi. Hayo tunayo."

Nilianza kazi kabla sijafika. Basi liliposimama Igawa, mama mmoja aliinua ndoo ya vitunguu mpaka dirishani kwangu. "Chukua, mama, leo bei imeteremka!" Nilichukua vitunguu, nikaandika matumizi ya kwanza.

4 Novemba

Asubuhi nimeizunguka nyumba. Jailos aliuchimba mlima ili apate kiwanja, hivyo mbele ya nyumba ni tambarare, lakini nyuma ya jiko na chumba cha nyuma umesimama ukingo wa udongo mrefu kunizidi mimi. Hicho chumba cha nyuma ndicho kitakachokuwa cha mama na mtoto, kwa kuwa kinapata joto la jiko. Kitanda kimekwisha kuwekwa, na pazia lenye bata.

Juu ya ukingo huo kuna shamba la viazi. Matuta yake yanashuka wima, moja kando ya jingine kama meno ya kitana, na meno yote yanaelekea kwenye dirisha lenye bata.

Nilimkuta mwenye shamba akipalilia upande wa chini. Anaitwa Mzee Zabron, Msafwa wa hapa hapa, mzee wa kanisa la Moraviani, anakaribia miaka sabini na mitano. Tulisalimiana vizuri.

"Umekuja kupumzika, Mwalimu?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini matuta yako yanashukia chumba cha binti yangu."

"Yanashuka kwa sababu mtelemko unashuka."

"Yangeweza kukingama."

"Kiazi hakitaki maji yakae, Mwalimu. Yakikaa kinaoza. Hii shamba nalima tangu sina ndevu."

"Na maji ya mvua yanakwenda wapi?"

"Chini."

"Chini ni kwa binti yangu."

"Basi mkwe wako angejenga pembeni," alisema, akaendelea na jembe lake.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Nilishuka kwa fimbo yangu, hatua moja moja, huku nimekasirika kuliko nilivyopaswa.

10 Novemba, Jumapili

Misa. Kwenda, nilisimama mara nne. Kurudi, mara saba. Goti linauma zaidi kushuka kuliko kupanda, jambo ambalo watu wenye magoti mazima hawaliamini.

14 Novemba

Jailos amerudi kutoka Dar es Salaam. Kwa heshima ya ukwe alikaa kiti cha mbali, tukazungumza kupitia kwa Anjela mpaka Anjela akachoka, akatuambia tuzungumze wenyewe. Nilimwuliza kuhusu mteremko wa barabara ya Kitonga.

"Mama, ukiwa na mzigo, pale Kitonga huteremki wewe. Unateremshwa. Gia nzito unaiweka juu kabisa, kabla hujaanza kushuka. Ukisema utaiweka katikati, umekwisha."

Nimeyaandika yote. Nilimweleza pia kuhusu matuta. Aliinamisha kichwa. "Mzee Zabron ni mtu mzuri, Mama. Ila kumgeuza ni kazi."

15 Novemba

Bodaboda aliyenileta kutoka dukani alizima injini kileleni, tukaanza kushuka kimya kimya. "Huu ni mteremko wa bure, bibi, mafuta ya nini?" Niliteremka hapo hapo, nikamaliza njia kwa miguu. Hayo ni matumizi mawili ndani ya dakika moja.

18 Novemba

Mzee Zabron amekwenda Chunya kwenye harusi ya mjukuu wake. Atakaa huko wiki mbili.

19 Novemba

Nimemtembelea mkewe, Damari, shambani. Nilimkuta akipandisha udongo. Ndiyo kazi yake ya kila mwaka kabla ya kupanda: anachota udongo uliokusanyika chini ya shamba, anaupandisha kwa ndoo kichwani mpaka juu, anaumwaga, anashuka tena. Mvua za mwaka uliopita zimeuteremsha, yeye anaurudisha. Nilihesabu safari kumi na mbili, kisha sikuweza kuendelea kutazama.

"Dada, hii kazi umeifanya miaka mingapi?"

"Tangu nimeolewa."

"Matuta yakikingama, udongo hautashuka."

Aliweka ndoo chini. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alilitazama shamba kwa muda mrefu. "Mzee atasemaje?"

"Mzee yuko Chunya," nilisema.

22 Novemba

Kwa siku tatu tumelima mimi na fimbo yangu, Damari, na wanawake wanne wa kikundi chake cha kupanda. Wao walishika majembe. Mimi nilishika kamba, vigingi, na pimamaji niliyoazima kwa fundi mwashi. Kila tuta nimelipima mpaka kitone cha hewa kikatulia katikati ya kioo. Kila mwisho wa tuta nimeagiza uzibwe ili maji yasipotee bure. Wanawake walicheka wakasema hawajawahi kulima kwa rula.

Leo jioni nilisimama barabarani nikatazama juu. Shamba limekaa kama ukurasa mpya wa daftari, mistari iliyonyooka bila kosa. Chumba cha nyuma kiko salama. Leo nitalala vizuri mara ya kwanza tangu nimekuja.

25 Novemba

Wamepanda.

2 Desemba

Mzee Zabron amerudi. Anjela aliniita dirishani. Mzee alikuwa amesimama katikati ya shamba na suti yake ya harusi, kofia mkononi, anageuka polepole upande huu na upande ule, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Baadaye alishuka mpaka mlangoni kwetu.

"Mwalimu."

"Mzee Zabron. Karibu."

"Umepiga mistari shamba yangu."

"Nimekinga maji."

"Na mwisho umeziba?"

"Nimeziba."

"Pande zote?"

"Pande zote."

Alivaa kofia. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila hoja, lakini hakutoa hoja. "Mbegu imekwisha kuingia ardhini," alisema. "Siwezi kufukua. Tutaona."

8 Desemba, Jumapili

Mvua ya kwanza, ndogo. Maji yamekaa ndani ya matuta kimya kimya. Hakuna tone lililofika nyuma ya jiko. Mzee Zabron alipita. Nilimwonyesha ukingo mkavu. "Tutaona," alisema.

12 Desemba

Mvua. Ukingo mkavu. "Tutaona."

17 Desemba

Viazi vimeota vizuri. Damari ameniletea maziwa. Anasema mumewe hamsemeshi kuhusu shamba, ila akipita anahesabu matuta kwa kidole. Nimemwandikia Frida kwa simu nikamweleza jinsi elimu inavyopokelewa polepole. Amejibu: "Neno limefikia wapi?" Limefikia matumizi tisa. Ya tisa nimeyapata zahanati, ambako muuguzi alimwambia mgonjwa mwenzangu kuwa presha yake imeteremka, naye akashukuru kama aliyepewa zawadi.

25 Desemba

Noeli. Jailos yuko nyumbani. Kuku, wali wa Mbarali, na soda. Anjela amecheka mpaka tukamwomba apumzike.

31 Desemba

Mzee Zabron alisimama na mimi ukingoni. Nilidhani angesema neno lake. Badala yake alichukua udongo wa juu ya ukingo, akauminya kiganjani, ukatoa maji.

"Umelewa," alisema.

"Udongo ukishika maji ndiyo vizuri."

"Huko kwenu Kihesa labda."

9 Januari



Mvua ilianza saa sita mchana. Haikuwa kama zile nyingine. Ilisimama mahali pamoja juu yetu, ikamwaga tu. Anjela alikuwa amelala chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage. Karibu na saa nane nilichungulia mlango wa nyuma, nikaona ukingo unatoka jasho. Sina neno jingine. Matone yalikuwa yakitoka ndani ya udongo wenyewe, mahali pengi, kuanzia usawa wa kifua kwenda chini.

"Anjela, toka humo."

"Mama, niache nimalize usingizi."

Nilitumia sauti ambayo sijaitumia tangu nistaafu. "Anjela! Simama! Toka nje!"

Alitoka na blanketi begani, macho bado yamefumbwa, akifuata sauti kama alivyokuwa akifanya akiwa darasa la tatu. Tulikuwa tumefika sebuleni niliposikia mlio kule juu, si mkubwa, kama gunia linalochanika. Tuta la juu lilikuwa limepasuka. Maji yake yaliingia katika la pili, la pili likashindwa kubeba ya mawili, likapasuka, likaangukia la tatu. Yalishuka pamoja yote. Ukingo ulimeguka, na tope likaingia kwa dirisha lenye bata, pazia na kioo vikaenda nalo, likajaza chumba mpaka usawa wa kitanda, kisha likapita mlangoni kuja jikoni. Maharage yangu yote yalikwenda.

Nilitoka nje. Mzee Zabron alikuwa anashuka shambani kwa makalio, jembe juu ya kichwa, kwani kusimama hakukuwezekana. Damari alikuwa nyuma yake.

"Mwisho wa matuta!" Mzee alimpigia kelele. "Fungua mwisho! Upande wa korongo!"

Walikwenda tuta kwa tuta, wakivunja zile ncha nilizoagiza zizibwe, na kila walipovunja moja maji yaligeuka yakakimbilia korongoni, mbali na nyumba. Matuta ya chini yalikuwa yamejaa mpaka kingoni. Kama yangefuata yale ya juu, ukuta usingebaki.

Ukuta umebaki. Una ufa kutoka pembeni mpaka dirishani, mpana kiasi cha kuingia kidole. Anjela hajaumia. Mtoto anacheza tumboni, nimemgusa mwenyewe.

Mzee Zabron alipomaliza alikuja mlangoni, tope kutoka kofia hadi viatu. Nilingoja alitamke neno lake. Alikuwa na haki ya kulitamka.

"Mtoto hajambo?" aliuliza.

"Hajambo."

"Basi," alisema, akaenda kwake.

10 Januari

Kosa ni langu. Nililifikiria usiku kucha kuona kama kuna namna nyingine ya kuiandika sentensi hii. Hakuna.

Jailos alipiga simu akiwa Tunduma. Nilimwambia jinsi ilivyokuwa, na kwamba niliyeziba matuta ni mimi. "Mama," alisema, "wewe ndiye uliyemtoa." Kisha simu ikakatika, au aliikata ili nisisikie sauti yake.

11 Januari

Nimepanda kwa Mzee Zabron. Sijawahi kupanda huko, kwa sababu ni juu kuliko kanisa. Nilisimama mara kumi na moja. Walikuwa uani wanakula viazi vya kuchemsha na chai. Mzee aliniona nikiwa bado mbali, akanitazama njia nzima bila kuondoka wala kunisaidia, na nilishukuru kwa hilo.

"Tulifikiri umekuja kusahihisha choo," alisema.

Damari alimkata jicho. Nilikataa kiti. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilijua nikikaa sitasema. "Mzee Zabron, niligeuza shamba lako bila ruhusa yako, nikamtia mkeo katika jambo ambalo halikuwa lake. Nilipima kila kitu isipokuwa mvua. Umeokoa nyumba ya binti yangu. Naomba mnisamehe, wewe na Damari."

Katika miaka arobaini ya kufundisha sikumbuki kumwomba mtu radhi mbele ya mtu mwingine. Si zoezi gumu kama nilivyodhani. Gumu ni ule mlima.

"Kaa, Mwalimu," alisema Mzee. Nilikaa. Alimenya kiazi, akanipa mkononi. "Sasa na mimi niseme. Aliyejenga pale kabla ya Jailos alihama kwa sababu ya matope yangu. Nilijua. Ulipokuja ile siku ya kwanza nilijua unasema kweli."

"Mbona hukusema?"

"Ungefurahi."

Damari alicheka mpaka chai ikamwingia puani.

Ndipo alipoeleza. Baba yake hakulima wima. Katikati ya shamba na juu ya shamba alikuwa na mitaro miwili iliyokwenda kwa upande, ikishuka kidogo sana kuelekea korongoni. Haikuwa tambarare kama yangu wala wima kama yake. Ilihitaji kuchimbwa upya kila mwaka na kupimwa upya. "Mzee alipokufa nikaiacha. Matuta ya wima ni siku mbili umemaliza. Nilitaka mteremko, Mwalimu, nikubali."

"Aliipima kwa kitu gani?"

"Kwa bibi."

"Bibi gani?"

"Mama yake. Miguu yake ilikuwa mibaya. Mtu anamwaga maji mwanzo wa mtaro, bibi anatembea pembeni. Maji yakimwacha, mtaro umeinama sana, utabeba udongo. Yeye akiyaacha maji, mtaro umekaa tambarare, utajaa na kupasuka. Yanatakiwa yafike pamoja." Alitazama goti langu, akatazama fimbo yangu, kisha akamtazama mkewe.

"Usithubutu," nilimwambia.

13 Januari

Amethubutu.

Tumeanza mtaro wa juu. Mzee anachora kwa jembe mfereji usiozidi kiganja, Damari anamwaga ndoo ya maji, nami natembea.

"Usikimbie, Mwalimu, na usisimame. Nenda kama unakwenda kanisani."

"Kwenda kanisani nasimama mara nne."

"Kama unakwenda kanisani na umechelewa."

Nilitembea. Baada ya hatua ishirini alipiga kelele, "Simama! Yamekuacha!" Alipunguza mwinamo. Tukarudia. Baadaye, "Simama! Umeyaacha!" Akachimba zaidi mbele. Watu wanaopita njiani waliona mwanamke mzima akitembea sambamba na maji, akizomewa na mzee mwenye jembe. Mmoja aliuliza kama ni ibada. Damari akamjibu ndiyo, ya Kiiringa.

Tulipoteza mistari miwili ya viazi iliyokuwa katika njia ya mtaro. Tulivichimba vikiwa vichanga tukavila na chumvi.

16 Januari

Mtaro wa juu umekwisha. Kwa udadisi nimeuwekea pimamaji kila hatua kumi. Kitone kimekaa kando kidogo ya katikati, na kimekaa mahali pale pale kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilimwonyesha Mzee Zabron. Zamani nisingemwonyesha.

Alikitazama muda mrefu. "Kumbe na hiki kinajua," alisema.

20 Januari

Mtaro wa pili umekwisha. Pembeni yake tumepanda majani ya tembo. Fundi ameziba ufa wa ukuta, lakini anasema ukuta ule hautavumilia tope mara ya pili. Anjela analala sebuleni. Nimeshona pazia jipya. Halina bata, duka halikuwa nao.

2 Februari, Jumapili

Kanisani, kwenda na kurudi, nimesimama mara tano.

9 Februari, Jumapili

Tatu. Ni kwa sababu ya kutembea na maji kila siku, kwani Mzee anataka mitaro ipimwe upya kila baada ya mvua. Sikumwambia kuwa goti linapona. Yeye pia ameona.

21 Februari

Imekuja tena. Saa sita na nusu, mahali pale pale, vilevile. Anjela aliketi sebuleni, mikono juu ya tumbo, akilitazama paa. "Mama, nihamie kwa jirani?" Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa tangu Januari, na sikuwa na pimamaji ya kulijibu.

"Vaa viatu," nilimwambia. "Nikikuita, toka uende barabarani. Nisipokuita, kaa."

Nilichukua mwavuli na fimbo, nikapanda. Mzee Zabron alikuwa tayari kwenye mtaro wa juu, amejifunika gunia la nailoni. Hatukusalimiana. Maji ya mlima mzima yalikuwa yanaingia mtaroni, ya rangi ya chai, yamejaa karibu na ukingo. Nilisimama mwanzo wa mtaro, nikachagua jani moja lililokuwa linaelea, nikaanza kutembea nalo.

Mwavuli uligeuka nikautupa. Nilitembea. Jani lilikwenda, halikukimbia. Katikati ya njia lilitaka kunipita, nikaongeza kidogo. Kisha nalo likangoja. Mzee alikuwa ananifuata nyuma, nasikia viatu vyake vikinyonya tope, wala hakupiga kelele hata mara moja. Tulifika korongoni. Jani lilianguka humo pamoja na maji yote, kwa mlio mzuri, mbali kabisa na nyumba.

Tulikwenda kwenye mtaro wa pili, tukarudia. Kisha tulishuka nyuma ya jiko. Ukingo ulikuwa umelowa usoni tu, kwa mvua iliyoupiga. Niliweka kiganja juu yake. Haukutoka jasho.

"Tumeona," alisema Mzee Zabron.

Niliingia ndani. Anjela alikuwa amesinzia kitini, viatu miguuni.

4 Machi

Msichana. Kilo tatu nukta mbili. Wamerudi nyumbani jioni. Wamelala chumba cha nyuma.

5 Machi

Mama yake Jailos amefika kutoka Tukuyu, akamwita mtoto Tumpe. Mimi nilikuwa na jina langu, lakini wenye mtoto ni wao. Ni jina zuri.

17 Machi

Wamevuna. Viazi ni vingi kuliko mwaka uliopita, licha ya mistari tuliyoila. Damari amepita chini ya shamba na ndoo kwa mazoea, kutafuta udongo wa kupandisha. Amekuta kiasi cha sufuria. Aliubeba hivyo hivyo kwa mikono, akaupandisha akiimba.

30 Machi, Jumapili

Kanisani: sikusimama.

13 Aprili, Jumapili ya Matawi

Leo Tumpe ametimiza siku arobaini. Keshokutwa naondoka. Nina matumizi kumi na manane ya neno langu. Jioni nimemsomea Jailos kwa sauti. Alinisahihisha mahali pamoja, kuhusu gia, na alikuwa sahihi.

14 Aprili

Mzee Zabron ana shamba jingine upande wa pili wa korongo, na anataka kulikata mitaro kabla sijaondoka. Asubuhi alinijia mlangoni na jembe. "Njoo, Mwalimu. Leta miguu yako."

Damari alimwaga ndoo. Nilitembea.

"Simama! Umeyaacha!"

Mzee alichimba zaidi. Damari akamwaga tena.

"Umeyaacha tena!"

Mara ya tatu alisimama, akaegemea jembe. Alinitazama miguuni. "Fimbo yako iko wapi?"

Niligundua kuwa nilikuwa nimeisahau nyumbani.

"Umepona," alisema kwa masikitiko makubwa. "Damari, kipimo kimeharibika."

"Naweza kutembea polepole kwa makusudi."

"Haifai. Utadanganya maji."

Tukakaa pale watu watatu wazima hatuna la kufanya. Ndipo Anjela alipotokea njiani, amembeba Tumpe mgongoni kwa kanga mpya, siku yake ya kwanza ya kupanda mlima. Alikuwa anakuja kwa hatua ndogo, mkono mmoja nyuma kumshika mtoto, macho chini akichagua pa kukanyaga.

Mzee Zabron alinigeukia. Hakuthubutu kusema, kwa hiyo nikasema mimi.

"Anjela, pita huku. Tembea kando ya huu mfereji mpaka korongoni. Usiharakishe, usisimame."

"Kwa nini, Mama?"

"Tembea tu kama ulivyokuwa unakuja."

Damari alimwaga maji. Anjela akatembea, na mtoto akageuza shingo kutazama kitu kinachong'aa kikienda pembeni yao. Mara mbili Mzee aliinua mkono apige kelele, mara mbili akaushusha. Mimi nilifuata nyuma, hatua tatu, nikitafuta mahali ambapo mmoja angemwacha mwenzake.

Maji yalifika korongoni. Anjela naye alifika. Sikuona la kusahihisha.